Mshono wa Kushoto

Pikapu ilikuwa juu ya magogo, magurudumu ya mbele yamefunguliwa. Baba alikuwa amelala chini yake akichomelea kipande cha mwisho. Binti yake alisimama kando na kofia ya kuchomelea mkononi. Upande wa kulia alikuwa ameumaliza yeye. Wa kushoto Baba aliung'ang'ania.

Gari lilikuwa la shemeji yake, mume wa dada yake. Lilibeba mawe ya machimbo hadi vishikio vya springi za mbele vikaanza kupasuka pale vinapoungana na chesisi. Dawa yake ni vipande vya chuma vya pembetatu, vikae kwenye kona na kukaza kishikio kisibanduke. Kikibanduka barabarani, tairi linalala na gari linakwenda linakotaka lenyewe. Na uchungu wa kuzaa ukimshika dada, ndilo lingempeleka hospitali kwa ile barabara ya mteremko.

"Baba mkwe, mkimponya huyu Bi Kikohozi, namwoa mke wa pili," shemeji alisema akilipapasa gari boneti.

"Mwoe tu," dada alimjibu kutoka kwenye benchi, mikono juu ya tumbo. "Akikuzimikia njiani, usiniite kusukuma."

Baba alicheka chini ya gari. Akatoka akijikung'uta, na mkono wa kulia akauingiza mfukoni upesi.

"Kagua," akamwambia binti. "Kisha nipande."

Ndiyo ilikuwa sheria ya karakana yao, na aliyeiweka ni Baba mwenyewe: aliyechomelea mbele ya gari hukaa kando ya dereva safari ya kwanza, mpaka chini ya mteremko na kurudi.

Binti aliinama, akabandua magamba ya mshono, akagonga kwa nyundo ndogo. Wa kulia uliita kama kengele. Wa kushoto ulijibu kama chungu chenye ufa. Akamulika kwa taa. Chuma kilikuwa kimelala juu juu kama nta ya mshumaa, hakikung'ata popote. Kingeshika leo, labda na kesho.

Mkono huo wa Baba ndio uliomshika kifundo alipokuwa akijifunza kuvuta mshono ulionyooka. Sasa ulikuwa ukitetemeka, na nyumba nzima ilijua. Mezani walimjazia kikombe nusu, na hakuna aliyethubutu kusema kwa nini.

"Vipi?" Baba aliuliza.

Dada alikuwa akijinyoosha mgongo taratibu, akiguna. Binti alimtazama. Akachukua grinda, akavaa miwani, akaingia chini ya gari na kuanza kuukata mshono wa baba yake.

Cheche ziliruka. Alipozima mashine, kipande kilidondoka sakafuni kwa mlio mdogo, na miguu ya Baba ilikuwa palepale.

"Nisamehe, Baba," alisema kutoka huko chini.

Baba alichuchumaa, akakiokota. Akapitisha kidole kwenye ukingo wake kwa muda mrefu.

"Mnanijazia kikombe nusu," alisema, "mnadhani sioni? Nilikuwa nangoja nani atafungua mdomo."

"Sikufungua mdomo."

"Umefungua grinda. Yatosha." Akamrudishia kipande. "Sugua kutu mpaka king'ae. Na usikimbize mkono."

Alichomelea upya, Baba akimshikia taa kwa mkono wa kushoto. Alipomaliza na magamba kubanduka, mzee aligonga mwenyewe, akainamisha sikio. Uliita.

Walipokwisha kurudisha magurudumu, Baba alifungua mlango wa kando ya dereva, akapangusa vumbi la kiti alichokalia miaka yote.

"Panda. Mimi nitakaa na dada yako."

Shemeji aliwasha gari, likakohoa, likaondoka. Kwenye kioo cha pembeni binti alimwona baba yake amesimama mlangoni mwa karakana. Mkono wa kulia aliuinua kuwapungia, ukitetemeka, wala hakuuficha. Kisha wakaanza kuteremka.