Baridi au Moto

Gari lilimzimikia mkunga palepale lilipozoea kumzimikia, kwenye mzunguko wa soko la mitumba, huku malori nyuma yake yakipiga honi kana kwamba yamelipwa kwa kazi hiyo. Mume wake, aliyekaa kando, alikunja mikono kifuani akatulia kama mtu aliyefika sinema mapema.

"Gari linamjua mwenyewe," alisema. "Sijalifundisha kubagua. Limejifunza lenyewe."

Wakabadilishana viti. Mume akawasha, akapiga resi mbili tatu mpaka moshi mweusi ukatoka nyuma, akaondoka kwa mbwembwe kama anayekimbizwa na deni. Gari likaenda bila hata kukohoa.

Bwana huyu alikuwa kinyozi, na kinyozi mwenye maneno ni redio isiyozimwa. Tangu mkewe apate leseni, kila aliyekalia kile kiti chake alihadithiwa jinsi anavyolizima gari, kwa mikono na kwa sauti ya injini inayokata roho. Wateja walishampa mkunga jina, Shemeji Zima. Akipita mbele ya saluni ya mumewe wanamwamkia hivyohivyo, povu likiwa bado mashavuni, naye anacheka nao, maana nani anataka kuitwa mtu asiyejua utani? Lakini moyoni alikuwa anaumia. Alikuwa amepewa kuongoza zahanati mpya nje ya mji, kazi aliyoitamani tangu akiwa msichana wa kuosha vifaa wodini. Huko basi la alfajiri halifiki, kwa hiyo asiyeendesha gari hana kazi. Jibu lilitakiwa Jumatatu. Alikuwa amekwisha kata shauri kusema hapana, na hakuwa amemwambia mtu.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamkereketa. Gari la shule ya udereva lilikuwa kweche, mlango wake umefungwa kwa kamba, na halikumzimikia hata siku moja.

"Hebu nikuulize, baba watoto," alisema. "Kabla sijapata leseni, gari hili lilikuwa linazimazima?"

"Kamwe."

"Na tangu hapo umelifanya nini?"

"Nilifanye nini? Nilikuwekea plagi mpya tu, zawadi ya leseni yako. Kwa hiyo usilisingizie. Plagi zake ni mpya kuliko viatu vyako."

"Nipeleke ulikozinunua."

"Ukafanye nini?"

"Nikamuulize aliyekuuzia kama na zenyewe zinabagua."

Kinyozi hakukataa. Alishaanza kuionja hadithi mpya ya kuwapelekea wateja.

Duka la spea lilikuwa chumba chembamba, mikanda ya feni inaning'inia ukutani, harufu ya mpira na grisi imejaa, na friji ya soda inanguruma ubavuni mwa kaunta. Muuzaji alikuwa mama wa makamo, kalamu imechomekwa kwenye kilemba. Alipomwona kinyozi, kicheko kilimtoka kabla ya salamu.

"Karibu, Bwana Baridi. Umeifuata soda yako?"

"Soda gani?" kinyozi aliuliza, lakini sauti yake haikuwa na uhakika.

Mama wa spea akamgeukia mkunga. "Dada, kaa nikusimulie. Huyu bwana alikuja hapa jasho linamtiririka, anataka plagi. Nikamuuliza, baridi au moto? Akanijibu, 'Baridi, dada yangu, jua hili litatumaliza.' Nikasema huyu ana utani wake. Nikampa za baridi, akalipa. Halafu akakaa kwenye lile benchi. Akakaa weee. Namuuliza kama kuna kingine, ananiambia hana haraka. Mwishowe akaondoka kanuna, na kosa langu silijui. Mpaka jioni nafunga friji ndipo ikanijia. Nilicheka nikashika kaunta."

Kinyozi alikuwa ameanza kusoma kwa makini sana kopo la oili. Mkunga hakucheka bado.

"Hizo za baridi zina nini?"

"Zinapoza joto haraka. Hizo ni za magari ya kukimbizwa. Ukienda taratibu hazipati moto wa kuunguza masizi yake, basi zinachafuka na gari linakata. Ukipiga resi na kulikimbiza zinajisafisha, linaenda."

"Kwa hiyo likiendeshwa na mtu mwenye pupa?"

"Linaenda."

"Na mtu mwenye adabu zake?"

"Linamzimikia."

Fundi aliyekuwa nje akafungua boneti, akachomoa plagi moja. Ncha yake ilikuwa nyeusi tii kama sufuria ya kuni. Mkunga aliishika akaitazama kwa muda mrefu.

"Nipe za moto," alisema. "Na huyu mpe soda yake."

Wakarudi, safari hii mkunga kwenye usukani. Mkokoteni wa matofali uliwakalia mbele, akaufuata pole pole mtaa mzima, na injini haikukata. Kinyozi, soda mkononi, alikuwa amekwisha pona aibu yake.

"Hii hadithi itawaua wale," alisema. "Nitaanzia pale kwenye benchi."

"Jumatatu nilikuwa niende kuikataa ile kazi," mkunga alisema.

Chupa ikaishia nusu ya njia kwenda mdomoni. "Ya zahanati? Kwa nini?"

"Kwa sababu sijui kuendesha gari."

"Lakini unajua."

"Wewe ndiye uliyesema sijui. Ulisema kila siku, watu wakacheka, na mimi nikakuamini."

Kinyozi aliishusha chupa, akaibana katikati ya magoti. Ilimuuma, na ilionekana usoni kwamba inamuuma.

"Nisamehe, mama watoto," alisema. "Nilidhani tunacheka wote."

"Najua ulidhani."

Njia ya kwao ikafika, ikapita.

"Umepitiliza nyumbani."

"Naenda kuiona barabara ya zahanati."

Kinyozi akavuta mkanda, akaufunga. Nje ya mji kulikuwa na kilima kirefu, na injini ikaanza kulemewa. Alifumbua mdomo amwambie abadilishe gia. Akaufumba, na mkunga akabadilisha.