Kindi wa Mparachichi wa Basili

Sijawahi kumchukia mnyama kama ninavyomchukia kindi. Hapa Kirua Vunjo watu wananicheka: mzee mzima anapigana na kijinyama cha kutosha mfukoni! Wacheke. Wao hawana mke ambaye tangu apatwe na kiharusi hajasema hata neno moja, na ambaye kitu pekee kinachomfanya ageuze shingo ni ndege walio nje ya dirisha.

Ndiyo maana nilimjengea Monica meza ya ndege pale kihambani, kwenye migomba yetu ya nyumbani, mbele ya dirisha lake: ubao juu ya nguzo, ulezi kidogo, ndizi mbivu. Pembeni nikatundika kijumba cha mbao chenye tundu, na kwezi wawili wakahamia. Siku walipoanza kulisha makinda, Monica alitabasamu kwa ule upande wa mdomo unaomtii. Nililia kama mtoto, wala sioni aibu kusema.

Kisha wakaja kindi, wezi wasio na haya. Wakala ulezi, wakala ndizi, halafu wakaanza kutafuna tundu la kijumba walipanue, wawafikie makinda. Nikapaka nguzo grisi, nikaizungushia bati. Kazi bure! Walikuwa wanaruka kutoka kwenye tawi la mparachichi wa jirani yangu Basili, lililoinamia kwetu.

"Basili, ndugu yangu, nikatie tawi hilo," nikamwomba.

"Baba Denis, tawi linazaa hilo! Nikate parachichi kwa ajili ya ndege? Hao kindi niachie mimi."

Nikamwachia. Nilishuka Kiboriloni kununua ulezi, na niliporudi nikamkuta Monica amegeukia ukutani. Kwezi wote wawili walikuwa chini ya meza, miguu juu. Pale kwenye ubao palikuwa na ndizi iliyopasuliwa na kujazwa sumu ya panya. Makinda walilia njaa mchana kutwa, kila nilichowapa wakakikataa, na kufikia jioni wakanyamaza. Na kindi? Yuko kwenye tawi, mzima wa afya, anajisafisha masharubu!

Basili akaja, mkononi ameshika isale. Kwetu Uchaggani mtu akikuletea jani hilo kuomba radhi, humkatalii, hata kama amekuulia ndugu. Hasira ikanipanda. Tawi lilimshinda kukata, lakini isale amelikata upesi!

"Nisamehe, Baba Denis. Nilidhani kindi ndiye angetangulia."

Nikalipokea. Kisha nikamwingiza chumbani, maana aliyekosewa zaidi ni Monica, si mimi. Nikaliweka jani juu ya shuka, karibu na mkono wake mzima.

Monica akalitazama. Akamtazama Basili. Mdomo ukahangaika, mate yakamtoka, na neno likaja, zito lakini linaeleweka:

"Sitaki."

Miezi yote hiyo nilikuwa nasubiri aite jina langu, au la mwanetu, au aombe maji tu. Basili akanigeukia, akingoja nimkumbushe mke wangu mila inasemaje. Nikaliokota lile isale, nikamrudishia mkononi, jambo ambalo sijawahi kumwona mtu akilifanya huku mlimani.

"Umemsikia," nikamwambia.