Picha za Manju Wawili

Mbuke alisimama katikati ya uwanja, mahali ambapo mtu mwenye akili zake hasimami siku ya mashindano ya ngoma. Kulia kwake walikuwa Bagalu, kundi la baba yake. Kushoto, upande wa pili wa shamba la mpunga lililokwisha kuvunwa, walikuwa Bagika. Makundi yote mawili yalikuwa yakicheza kwa wakati mmoja, kila moja likitaka kuizima ngoma ya mwenzake, na watu wa Chita walikuwa wakikimbia huku na huku kufuata utamu.

Ndivyo Wasukuma wanavyoshindana. Hakuna jaji, hakuna kengele. Kundi lililovuta watu wengi ndilo limeshinda, basi. Kwa hiyo miguu ya mtu ndiyo kura yake. Ukisogea upande mmoja umeshauchagua, hata kama ulikwenda kuomba maji ya kunywa.

Baba yake, Limbu, ndiye aliyekuwa manju wa Bagalu, yaani mwimbaji na kiongozi wa ngoma yao. Asubuhi, alipokwisha kumwitikia shikamoo, alimwambia apige picha atakavyo, lakini asionekane kwa Maduhu, manju wa Bagika. Watu wakimwona binti wa Limbu mbele ya Maduhu watajua Limbu amekimbiwa hata na damu yake.

"Ukienda kule, ulale huko huko," alisema, na wala hakupandisha sauti.

Lakini Wilhelmina, mwenye studio ya picha alikofanya kazi Mbuke kule Kibaoni, naye alikuwa na neno lake. Makundi yote mawili yalikuwa yameomba picha, na alitaka manju wote wawili, kila mmoja kwa karibu, jasho lionekane. Mbuke akirudi na mmoja tu, kuanzia hapo kamera ya nje angeshika Bryson, mwenzake wa studio, na yeye angebaki kupiga picha za pasipoti mbele ya pazia la bluu. Mbuke aliacha shule darasa la tano ili achunge ng'ombe. Kamera ilikuwa kitu cha kwanza alichokabidhiwa ambacho hakikuwa na mkia. Hakuwa tayari kuirudisha.

Ndiyo maana aliomba konvata.

Ilikuwa pete nene ya chuma yenye vioo ndani. Unatoa lenzi, unafunga konvata kwenye kamera, kisha lenzi unaifunga mbele ya konvata. Vile vioo vinachukua sehemu ya katikati ya kile ambacho lenzi inakiona na kuitanua mpaka ijaze picha. Hii ya Wilhelmina ilikuwa ya mara mbili, hivyo mtu aliye mbali anakuja karibu mara mbili, na wewe hujainua unyayo. Wilhelmina alimkanya asiifunge kwenye lenzi fupi ya harusi, kwa sababu kioo cha konvata kimechomoza mbele na kingegongana na kioo cha nyuma cha lenzi. Ni ya lenzi ndefu tu, tena lenzi nzuri, maana inakuza uzuri na kasoro kwa pamoja.

"Halafu inakula mwanga, mdogo wangu," Wilhelmina alimwambia. "Ni kama uji unaoongezwa maji. Sufuria linajaa, lakini uji ni ule ule. Ya mara mbili inakuachia robo tu ya mwanga. Jua likiwa kali, itumie. Jua likipungua, itoe usogee."

Usogee. Neno hilo Mbuke hakulitilia maanani, kwa kuwa konvata aliiomba ili asisogee.

Mchana mambo yalikwenda vizuri. Jua lilikuwa kali, vumbi la mabua liling'aa, na kutoka pale katikati alimpata baba yake kila alipojitokeza: mishipa ya shingo, shanga kifuani, mdomo wazi katikati ya wimbo wa kuwatukana Bagika. Upande wa pili aliwapata wachezaji vijana na mwanamke mmoja aliyekuwa akicheka hadi machozi. Wapita njia walimtania. Mmoja alimuuliza kama amepandwa pale kama mpunga.

Maduhu, hata hivyo, hakutokea. Manju mjanja hujificha mpaka wenzake wamechoka. Na Chita iko chini kabisa ya milima ya Udzungwa, jua linaingia nyuma ya milima wakati kwenye sehemu nyingine za bonde bado linawaka. Kivuli kilishuka, kikavuka reli, kikafika uwanjani. Hapo ndipo Maduhu alipotoka, manyoya kichwani na jembe mkononi.

Mbuke alibonyeza. Lenzi ilikwenda mbele na kurudi nyuma ikimtafuta Maduhu bila kumpata. Alipomkamata, mkono wenye jembe ulikuwa umegeuka moshi. Alilazimisha kamera ivute mwanga zaidi, picha zikajaa chenga kama mchele wenye mawe. Akafungua konvata na kuitia mfukoni. Mwanga ulirudi, lakini Maduhu sasa alikuwa mdogo kama kidole gumba.

Ikabaki miguu.

Mbuke hakugeuka kumtazama baba yake. Aliinamisha kichwa, kama anavyofanya siku zote mbele za watu, akatembea kwenda kwa Bagika.

Ngoma za Bagalu zililegea. "Limbu! Binti yako amehama!" mtu alipaza sauti, na kicheko kikasambaa uwanja mzima. Wasichana kadhaa waliokuwa wamesimama bila upande wakamfuata, na watu wengine wakawafuata wasichana. Mbuke alipiga magoti kwenye vumbi, karibu kiasi cha kusikia pumzi za Maduhu. Jembe liliruka hewani, likageuka, likadakwa. Alilipata likiwa juu, na macho ya Maduhu yakiwa chini yake, makali kama ya mwewe.

Alipoinuka aliangalia picha, kisha akatembea kurudi upande wa pili, polepole, ili kila aliyeona kwenda kwake aone na kurudi kwake.

Limbu alikuwa ameacha kuimba. Alisimama mikono kiunoni mbele ya watu wachache waliomsalia.

"Nilikwambia nini asubuhi?"

"Uliniambia nilale huko, baba." Mbuke alisema bila kupunguza sauti. "Nikishamaliza kazi nitatafuta pa kulala. Yule nimempata. Sasa nakutaka wewe, kwa karibu, kabla giza halijaingia. Ukisimama hivyo, nitapiga mtu aliyesimama."

Mpiga ngoma mmoja aliguna. Limbu alimtazama binti yake, akatazama ile lenzi iliyomwelekea kifuani. Kisha akampa mgongo, akainua mkono kuwaamuru wapiga ngoma, na kuanza kucheza akiwa amegeukia milima.

Mbuke alizunguka mbele yake. Limbu aligeuka tena. Mbuke akazunguka tena, magoti yote vumbi tupu, kamera machoni, na watu wakaanza kurudi mbio upande wa Bagalu kutazama nani atachoka.