Jike Aliyebaki Mvunguni

Tupokigwe alifundisha biolojia katika sekondari moja ya Tukuyu. Mdogo wake, Amoni, alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha chai. Kila Jumamosi walipanda msitu wa Rungwe kutazama ndege. Hawakuwa watu wa maongezi, na tangu Amoni amrudishe mkewe kwao Kyela pamoja na watoto, yalipungua hata yale machache. Walipokezana darubini, wakatajiana ndege, basi.

Msimu ule walikuwa na mti wao. Ulisimama kwenye mteremko mkali upande wa Kinyala, chini ya njia, hivyo aliyesimama njiani aliutazama mvungu wake, tundu kubwa ndani ya shina, uso kwa uso. Ndani yake alijifungia hondohondo jike, ndege wa mdomo mkubwa uliopinda. Ndivyo wafanyavyo: jike huingia mvunguni, mlango ukazibwa kwa tope na kinyesi, ukabaki ufa wa kupitisha mdomo tu. Humo hutaga, huatamia, hupukutisha hata manyoya ya kurukia. Chakula chote huletwa na dume.

Dume yule walikwishamzoea. Mvumo wa mabawa yake ulimtangulia. Kisha akatua shinani, akawa anatema tunda moja moja na kumpitishia mwenzake ufani.

Jumamosi moja ya Desemba hakuja. Walikunywa chai yao, wakamaliza ndizi za kuchoma, ukungu ukainuka wote. Mdomo wa jike ulichungulia ufani, ukarudi, ukachungulia tena.

Amoni alishuka bondeni kuangalia. Aliporudi alikuwa ameshika unyoya mrefu wa mkia, mweusi, wenye ncha nyeupe.

"Yako mengi kule chini, dada. Na damu."

"Tai," alisema Tupokigwe. Tai wa msitu ule hubeba hata nyani wadogo.

"Basi tubomoe ule ukuta, atoke ajitafutie."

"Hana manyoya. Ukimtoa leo atadondoka kama gunia."

"Na tukimwacha?"

Tupokigwe alipata kusoma kwamba majike wengine hubomoa wenyewe njaa ikizidi, na wengine hufia humo humo. "Tumwache," alisema. "Haya ni mambo ya msitu."

"Ni rahisi kusema ukiwa umeshiba." Amoni alikwishaanza kuvua mabuti.

"Kwa hiyo leo ndiyo umekumbuka kulisha familia? Wanao wako Kyela, Amoni. Kule huhitaji kupanda mti."

Tupokigwe alijisikia akilisema neno hilo, na halikurudi tena kinywani. Amoni alibaki ameinama, kamba ya buti mkononi. Kisha akavua na la pili, akaokota matunda ya mkuyu yaliyoanguka njiani, akayatia ndani ya koti na kuteremka hadi shinani. Alipanda kwa kushika mitambaazi iliyouzunguka mti. Tupokigwe alimfuata kwa darubini, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kufanya.

Ukuta hakuugusa. Alisukuma tunda ufani. Mdomo ukamkamata mkono, naye akauchomoa huku akilaani. Tunda likatupwa nje. La pili nalo likatupwa. La tatu halikurudi. Kama jike alilimeza au lilimwangukia tu ndani, Tupokigwe hakuweza kuona.

Aliposhuka, kidole cha shahada kilikuwa kimechanika. Tupokigwe alimfunga kwa leso. Hakuomba radhi, wala Amoni hakuonekana kuisubiri. Kisha wakateremka.

Jumamosi iliyofuata waliukuta ukuta umebomoka kutoka ndani. Jike alikuwa kwenye tawi la mti wa jirani, mchafu, mkia umenyofoka. Alikuwa haruki mbali. Aliruka kidogo, akaangukia kichakani, akapanda tena tawi kwa tawi mpaka mvunguni, tunda mdomoni. Sauti kali ya kinda ikapokea.

"Anaye mtoto," alisema Amoni.

"Anaye."

Amoni alisema, macho yake yakiwa kwenye mti.

"Jumatano nilikwenda Kyela. Watoto hawakutoka kunisalimia. Nikakaa kibarazani, nikapewa maji, nikarudi."

"Utakwenda tena?"

"Sijui. Labda."

Tupokigwe alimpa darubini. Kwenye mlango wa mvungu kulikuwa na tope bichi. Kinda alikuwa akijizibia upya kutoka ndani, kidogo kidogo, na mama yake nje akimtazama kwa jicho moja.

Mvua zikawazuia wiki kadhaa. Walipopanda tena, mvungu ulikuwa wazi na mtupu. Amoni alishuka hadi kwenye mizizi, akapekua majani yaliyolowa. Hakukuta mfupa wala unyoya.

"Wameruka," alisema.

"Au wameliwa kwingine."

"Au wameliwa kwingine," alikubali.

Mbali, upande wa kilele, hondohondo alilia, wa pili akamjibu. Wangeweza kuwa wowote. Tupokigwe alifunga kifuniko cha darubini, na kwa kuwa bado ilikuwa asubuhi, walishika njia ya kupanda juu, kwenye mianzi, ambako walisikia kuna kulukulu, ndege wa mabawa mekundu.