Mahali pa Mama Bendera

Ukitaka kumtambua mtu anayechora mashua za mbio bila kuzijua, tazama matanga yake. Kila mashua imevimba upande wake, utadhani kila moja imekodi upepo wa peke yake. Fundi hakuwa wa namna hiyo. Shule ilimtema darasa la nne, lakini kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mshona matanga wa klabu, na upepo alikuwa ameusoma kwa vidole. Akichora yeye, mtazamaji hakuhitaji kuuliza upepo unatoka wapi.

Picha ya safari hii ilikuwa kubwa kama mlango. Mashua saba zinagombania boya la kwanza, mabaharia wamening'inia ubavuni, povu linaruka. Nyuma yao mashua ya waamuzi imetia nanga, na juu yake kasimama mwanamke wa kilemba cha manjano, hazidi kidole gumba, kashika kamba ya bendera. Huyo alikuwa mkewe. Miaka kumi na tisa ndiye aliyepandisha bendera ya kuanzisha mbio, jua liwake au mvua imloweshe, na klabu nzima ilimwita Mama Bendera. Mvua ya mwisho ilimwingia kifuani, haikutoka. Koti la mvua aliomba misimu mitatu. Waliopewa makoti ni wale waliokaa ndani.

Siku ya maziko, mwenyekiti wa klabu alimshika Fundi bega. "Mchore," alisema. "Tutamtundika ukumbini, na pale hatatoka."

Fundi hakudai hata senti. Nyumbani picha ya marehemu ilikuwa moja tu, ya kitambulisho, na humo alikaa kama mtu anayesubiri kuhukumiwa. Alitaka abaki mahali anapoonekana alivyokuwa, kamba mkononi, watu wazima na mashua zao wakimngoja yeye. Alichora miezi minne, akaipaka vanishi, akaikabidhi.

Jumamosi saa sita mchana, mbele ya wageni, mwenyekiti alivuta kitambaa. Makofi yakapigwa. Macho ya Fundi yalitafuta manjano kwanza.

Hayakuiona. Mashua ya waamuzi ilikuwa tupu. Pale aliposimama mkewe palikuwa na mawimbi, na juu yake bendera kubwa nyekundu ya kampuni iliyofadhili mbio.

Alisogea hadi pua ikakaribia turubai. Mawimbi yale yalianzwa chini kwa brashi bapa, kisha ncha zikachanwa kwa ukucha ili povu lionekane linavunjika. Mtindo huo aliubuni mwenyewe, chumba cha matanga, na katika dunia hii alimfundisha mtu mmoja tu.

Mtu huyo alikuwa anapita na trei ya glasi. Kaka wa marehemu. Alikaa nyumbani kwa Fundi miaka minne, akila kwa dada yake na kufuliwa na dada yake, na wiki iliyopita tu wakubwa walimfanya msimamizi wa ukumbi. Fundi alikuwa amempongeza.

"Ni wewe," Fundi alisema.

"Shemeji, tukaongee nje."

"Yeye alikuwa hapa. Tuongee hapa."

Shemeji alizitazama glasi. "Mwenyekiti alisema wafadhili hawawezi kuja kutazama mtumishi. Ningekataa angeleta mtu wa nje, akavuruga picha yote. Nikaona afadhali mkono wa nyumbani."

"Mkono wa nyumbani," Fundi alirudia, kama anayeonja maziwa yaliyochacha.

Aliweka kidole gumba juu ya mawimbi. Kikarudi na bluu. Rangi ilikuwa bado mbichi, na moyo wake ukaruka, maana rangi mbichi juu ya vanishi kavu hutoka kwa kitambaa na tapentaini, na kilicho chini hubaki salama. Kitambaa alikuwa nacho mfukoni.

"Umepaka juu tu, sivyo?"

Shemeji alianza kuzipanga upya glasi.

"Nakuuliza, baba."

"Nilikwangua kwanza. Manjano ilikuwa inachungulia."

"Ulikwangua kwa kitu gani?"

"Kwa kile kisu ulichonipa."

Nyuma yao mgeni mmoja, nahodha mzee wa mbio, alianza kucheka hadi akashika meza. "Mwenyekiti, njoo unieleze. Matanga yote yamevimba kulia, bendera yenu inapepea kushoto. Hiyo inapulizwa na upepo au na hotuba yako?"

Kicheko kikazunguka ukumbi. Mwenyekiti alimjia Fundi huku anatabasamu kwa meno tu. "Igeuze hiyo bendera kabla hawajakaa kula," alinong'ona. "Ni kazi ndogo kwako."

"Mjuzi wa bendera alikuwa pale pale," Fundi alisema. "Mmemkwangua."

"Usiniaibishe mbele ya wageni."

"Mimi uliniahidi kaburini, mzee. Wageni walikuwa wengi kuliko hawa."

Akatoka. Shemeji alimfuata mpaka ngazini, trei bado mkononi. "Shemeji, nisikilize basi. Sisi ni ndugu."

"Aliyetufanya ndugu umemtoa kwa kisu. Rudi kazini, glasi zinakungoja."

Bendera haijageuzwa mpaka leo. Shemeji alijaribu mara moja ikawa kama kiraka cha tairi la baiskeli, wakamwambia aiache. Kila msimu wageni wanaojua bahari huicheka, na wakubwa humtuma mtu chumba cha matanga kuuliza kama Fundi ana nafasi. Fundi hainui kichwa. Ana tanga la kushona.