Saa Sita ya Nani?

Mashine ya nyuma ililia tangu asubuhi, pi-pi-pi, kama kifaranga aliyeachwa na mama yake.

Wakati ule wa vita, ofisi ya kutafuta watoto waliopotezana na wazazi pale Rumonge ilikuwa na mashine mbili. Ya mbele ilipokea maombi. Ya nyuma ilitunza picha. Asubuhi hiyo umeme ulikatika, saa ya ile ya nyuma ikafutika, Chausiku, fundi wa ofisi, akaipanga upya. Halafu cheti cha ya mbele, cha kuitambulisha kwa ya nyuma, kilikuwa kimekwisha muda, akatengeneza kingine. Toka hapo, maandishi mekundu tu: hifadhi haipatikani.

"Ni kama karangamuntu, kitambulisho, kwenye bariere ya barabarani," alimweleza Esperance, aliyekuja kumtafuta binti yake. "Hii ya nyuma ni askari. Naonyesha karangamuntu mupya, anakataa."

"Muulize, dada, labda anataka bia."

Wakacheka, lakini Esperance hakuiachia mashine macho. Nyanza-Lac kumeonekana mutoto wa kike, na picha yake imo humo ndani. Kama ni Benita wake, yeye anapanda konvoi ya magari ya saa sita kwenda kumchukua. Bila kumtambua kwenye picha, hapewi nafasi, na konvoi nyingine hakuna aliyejua itatoka lini. Akapiga ishara ya msalaba, akaipigia na mashine.

Chausiku akachomoa waya, akarudisha. Akasoma jina kwenye cheti herufi kwa herufi. Akazima, akawasha. Pi-pi-pi.

Honi ikalia nje. "Mama Benita! Saa sita kasoro robo!" Ni Mansuri, dereva wa konvoi. "Mimi sigojei hata askofu!"

Chausiku akatupia jicho saa ya mashine ya nyuma: 5:45. "Hata hii iko inasema hivyo hivyo..."

Akakimbilia dirishani.

"Mansuri! Asubuhi nilipokuuliza saa, ulinijibu nini?"

"Saa mbili!"

"Na mimi nikaandika mbili! Yesu wangu! Mashine inahesabu kuanzia katikati ya usiku, kama Wazungu. Kwake bado ni alfajiri. Cheti nimekifanya saa mbili na nusu yetu, ya mbele ikakiandika 8:30, na kwa hii ya nyuma 8:30 haijafika. Nimemupelekea askari karangamuntu ya mtu ambaye hajazaliwa!"

Esperance alicheka mpaka akakalia ndoo. Chausiku, machozi ya kicheko yakimtoka, akaandika 11:45.

Pi-pi-pi ikakoma.

Picha ikafunguka polepole, kuanzia nywele. Paji la uso. Kovu la juu ya jicho. Kisha ule mdomo uliobenuka, mdomo wa kukataa kula ndagala zisizo na chumvi.

"Benita," Esperance akasema. Chausiku akaichapa picha; Esperance akapiga vigelegele, akatoka mbio na kandambili moja, karatasi ya picha ikipepea mkononi.

"Nilisema saa sita!" Mansuri akafoka, huku akimfungulia mlango.

"Saa sita ya nani?" wakamjibu wote wawili, mmoja garini, mwingine dirishani.