Maneno Yaliyotoka Karakana ya Kator

Keji alipoamua kuacha siko, hakujua pa kwenda. Pombe hiyo kali ilipikwa karibu kila mtaa wa Juba. Wa kukusaidia kuiacha ndiye hakuonekana. Jirani mmoja alimwambia apunguze. Mchungaji alimwekea mikono kichwani. Mwishowe dereva wa lori aitwaye Emilio, aliyemletea suruali ishonwe, alisikia harufu ya kinywa chake na kumwambia bila kuficha kwamba naye alikuwa hivyohivyo. Kila Alhamisi jioni, alisema, watu kama wao hukutana mtaa wa Kator, kwenye karakana ya seremala.

Keji akaenda. Aliwakuta wanaume peke yao, wamekaa juu ya mbao, wakizungumza Kiswahili walichorudi nacho kutoka ukimbizini Uganda. Aliyewaongoza aliitwa Ezbon. Yeye aliacha pombe Nairobi, katika kikundi cha namna hiyo, na amani ilipokuja akaanzisha chake hapa. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa kwamba linalosemwa humu linabaki humu.

Wiki kadhaa za kwanza Keji alisikiliza wengine. Siku alipofungua mdomo, alieleza jinsi marehemu mume wake, kule Arua, Uganda, walikokuwa wakimbizi, alivyokuwa akimshika taya na kummiminia waragi mpaka ameze, halafu kumpiga kwa kosa la kulewa.

"Nilipoletewa habari kwamba amekufa, nilikunywa," alisema. "Watu walidhani ni majonzi. Nilikunywa kwa furaha."

Hakuna aliyemwambia atubu. Alirudi nyumbani, mtaa wa Juba Na Bari, kwenye kiwanja cha wakwe zake, akalala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu zamani.

Jumapili ile Ladu, ndugu wa marehemu, alikuja akakataa kiti. Aliuliza kama ni kweli alishangilia kifo cha ndugu yake. Keji akataka kujua nani kasema. Ladu akajibu kwamba ni Ezbon, wanayesali naye kanisa moja: alimshika mkono baada ya ibada, akaiomba familia imkumbuke Keji katika sala, kwa kuwa anabeba mzigo mzito, na mzigo wenyewe akautaja.

Keji angeweza kukana, lakini hasira haikumwachia nafasi ya uongo.

"Ni kweli, nilifurahi," alisema. "Na wewe, shemeji, kule Arua tulitenganishwa na ukuta wa udongo tu. Ulikuwa ukinisikia nikilia, ukaongeza sauti ya redio."

Ladu akageukia la kiwanja: mwezi usiishe kabla Keji hajahama.

Mpika siko alikuwa ng'ambo ya ua. Keji alichukua kikombe, akafika hadi kwenye uzio wa nyasi. Hapo akawaza kwamba akinywa, Ezbon atapata jambo jingine la kumwombea. Akakitupa kikombe, akarudi kwenye cherehani, akashona akiwatukana Ezbon na Ladu kwa zamu.

Alhamisi alifika Kator, hakuketi. Alisimulia yote mbele ya wenzake.

"Malesh, samahani, dada Keji," Ezbon alisema. "Nia yangu ilikuwa njema. Nilitaka wakuombee."

"Sikukuomba uniombee. Nilikuomba unyamaze."

Ezbon alianza kufundisha kwamba hasira humrudisha mlevi kwenye chupa, na kwamba humu watu husameheana. Mmoja wao akamwunga mkono, akamshauri Keji aende nyumbani akapoe kwanza. Keji akamwuliza nyumbani kupi.

Ndipo Emilio akasimama. "Mama iko na haki," alisema. "Mimi nilisema hapa mambo ya mtoto wangu. Hiyo pia iko sokoni?"

Kila mmoja alikuwa akikumbuka aliyoyasema yeye. Kisha wote wakamgeukia Ezbon kwa ukali, hata yule aliyemtetea, na kabla ya kuagana walikubaliana kwamba hataongoza tena. Akitaka, akae kama wengine. Ezbon alilia, akamnyooshea Keji mkono. Keji aliuficha wake mgongoni. Alimwambia kwamba hamsamehi, na kwamba hatoki katika kikundi.

Emilio alimbebea cherehani na vyombo kwa lori hadi chumba cha kupanga mtaa wa Hai Mauna. Wakwe waliacha kumsalimu. Njia ya kwenda Kator sasa ilikuwa ndefu zaidi, naye aliitembea kila Alhamisi, akakaa akimtazama Ezbon usoni. Hasira haikuisha. Zilikuwapo siku ambazo ndiyo peke yake iliyomzuia asinywe.

Mvua zilipoanza alikuja mwanamke mwingine, Suzan. Alisimama mlangoni, akauliza kama maneno ya humu hutoka nje. Wanaume wakainamisha macho. Keji hakumsaidia mtu kujibu.

Ezbon aliinuka polepole. "Yaliwahi kutoka," alisema. "Niliyatoa mimi. Huyu mama alifukuzwa nyumbani kwa sababu yangu."

Suzan akamgeukia Keji, akamwuliza kwa nini basi bado anakuja.

"Juba nzima hakuna kikundi kingine," Keji alisema.

Suzan alifikiri kidogo, akaketi karibu na mlango.